Bonge la Zege

Jumatatu, tarehe tatu Machi, manyunyu tangu alfajiri.

Sikudhani alifika kwenye nyumba mpya kupima bustani na kutaja bei ya kupanda ukoka. Alipiga jembe, likagonga mabonge ya zege yaliyofukiwa, akaongeza bei ya kuyatoa na kuleta udongo mpya.

“Bei ya udongo iondoe,” alisema Kilewo, msimamizi. “Tandaza ukoka juu juu. Wanunuzi wanakuja Jumamosi.”

“Utakauka wiki hiyohiyo!”

“Watakuwa wameshalipa, dada. Kwani bustani ni mwanao?”

Mafundi waliokuwa wakipiga lipu wakacheka.

Sikudhani aling’oa bonge la zege, akalifunga mgongoni kwa kanga.

“Mafundi, shuhudieni mbele za Mungu,” alisema. “Jumamosi nitasimama getini na huyu mwanangu, na kila mnunuzi atambeba kabla ya kuingia.”