Dodoso Lililofupishwa

Mdodosaji alisimama mlangoni kabla ya kupiga hodi, akatega sikio. Hakuna aliyekohoa. Akashusha pumzi.

Mwaka mzima kikohozi cha mtoto wa nyumba hii kilikuwa kimemfuata hadi kitandani. Alipokuja kudodosa mwaka jana, mama mtu alimwomba nauli tu ya kumfikisha binti yake hospitali. Pesa alikuwa nazo mfukoni. Lakini kanuni ni kanuni: anayepima matokeo ya fedha za msaada hatoi hata senti, asije akaharibu utafiti. Alifunga begi, akaaga. Tangu hapo hakuwahi kujisamehe.

Wakubwa hawakumwambia ni nyumba zipi zinazopokea fedha kila mwezi na zipi ni za kulinganishia tu. Leo, mlango ulipofunguka, hakuhitaji kuambiwa. Mabati mapya. Godoro. Na mama mwenyewe yuko nyuma ya cherehani, mguu haupumziki.

"Karibu, mwanangu. Umenenepa," mama akasema. "Kumbe kuuliza maswali kunalipa."

Mdodosaji alicheka, akatoa dodoso lake. Safari hii lilikuwa jepesi. Ofisini walikuwa wameondoa ukurasa wa majina ya watu wa nyumbani ili kazi iende chapuchapu.

"Kwa siku mnakula mara ngapi?"

"Tatu."

Mwaka jana ilikuwa moja, na siku nyingine hata hiyo haikuwapo.

"Watoto wanasoma?"

"Nilio nao wote wanasoma. Karo nimelipa."

Akaweka tiki kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Kumbe fedha zilifika! Kumbe zilimwahi mtoto! Alitamani kumkumbatia mtu, hata mkuu wake wa kazi, na yule hakumbatiki. Usiku wa leo angelala usingizi wa kueleweka.

Likabaki swali la mwisho. Jibu aliona analo tayari, kalamu ilishaelekea kwenye kisanduku cha mpango wa fedha, lakini kazi ni kuuliza.

"Fedha kubwa kuliko zote mlizopata mwaka huu, mama, zilitoka wapi? Ni zile za mpango?"

Cherehani ikanyamaza.

"Zenu hazijawahi kutufikia. Ni rambirambi, mwanangu," mama akasema. "Watu walitoa sana. Yule mtoto alipendwa."