Msuli wa Silikoni

"Msuli huu wa bandia, wa silikoni, nimeubuni mwenyewe," mkuu wa maabara aliwaambia wageni waliokuja kuukagua. Fundi wake, mwanamke aliyesimama nyuma yake, akasonya kimoyomoyo. Miaka miwili alikuwa amekoroga silikoni, akaitandaza nyembamba kama ganda la kitunguu, ikachanika, akaanza upya. Bwana huyu hata kopo lake hakuwahi kulifungua.

"Basi ushike, daktari, tuone unavyojikaza," alisema mgeni mzee.

Mkuu akatia mkono mfukoni. "Una umeme huo, mzee. Ni hatari."

Fundi aliutazama ule mfuko uliotuna kwa ngumi. Kumbe hata alichokiiba hakijui! Kazi yote ilikuwa hiyo: utando huo wa silikoni ujikaze kama msuli kwa umeme mdogo usiomdhuru mtu.

Akapita mbele bila kuomba njia, akauzungusha utando kwenye kifundo cha mkono wake, akagusisha nyaya kwenye betri mbili za tochi. Utando ukambana taratibu, kama kiganja cha mtoto.

"Rudi nyuma! Wewe ni fundi tu!" mkuu alifoka.

Yule mgeni mzee akampa mkuu mgongo, akamvutia fundi kiti.

"Haya, binti yangu. Tueleze tangu mwanzo."