Vigae Elfu Kumi na Mbili

Shangazi alitema mate ndani ya ndoo ya gundi, akafuta mdomo kwa vidole visivyo na kucha.

"Umewauza," alisema. "Watu tisa, umewauza kwa vigae!"

Fundi aliikoroga gundi, mate na yote, akabandika kigae chekundu, cha njano, viwili vya kijani. Nyuma ya ukuta kiwanda cha ngozi kilikuwa kinapumua uvundo wake wa nywele zilizolowa, mafuta yaliyochacha na chokaa. Ulikuwa unaganda kooni. Hata maji ya kunywa yalikuwa na ladha ya ngozi mbichi.

Shimo la tope la kiwanda lilikuwa hatua thelathini kutoka hapo. Miaka sita iliyopita wafanyakazi walishushwa humo kuzoa tope bila barakoa. Mmoja akianguka, mwingine anashushwa kumtoa, mpaka wakafika tisa. Mume wa shangazi ndiye aliyetangulia. Kwenye daftari la kiwanda, mbele ya kila jina, paliandikwa: *Aliacha kazi.*

Fundi alipopewa kazi ya kuupamba ukuta wa langoni, alikwenda kwa mkurugenzi na karatasi ya majina hayo. Ukuta ulitakiwa usomeke. Rangi za vigae ni tano. Ukivipanga viwiliviwili unapata michanganyiko ishirini na mitano. Kiswahili kina herufi ishirini na nne, maana Q na X hatuzihitaji, na mchanganyiko unaobaki ni wa nafasi kati ya maneno. Mgeni anaelekeza simu, simu inamsomea.

"Ukuta unabeba vigae elfu kumi na mbili," mkurugenzi alisema huku akichokonoa meno. "Yaani herufi elfu sita. Salamu zangu za mwaka ziko thelathini, kila moja herufi mia mbili. Piga hesabu, binti."

"Elfu sita, mzee."

"Basi umejaa." Alikitazama alichokitoa kwenye jino, akakirudisha mdomoni.

"Na hawa tisa?"

"Maneno yangu kwanza. Yote, isipungue hata herufi. Nafasi ikibaki weka hao, weka mbuzi wenu, weka unachotaka."

"Niandikie hivyo, mzee, na sahihi."

Aliandika huku kitambi kikimtikisika kwa kicheko. Karatasi ilirudi na alama ya dole lenye mafuta.

Fundi alizisoma salamu mezani kwa shangazi, mchana, sahani ikiwa mbele yake. *Wafanyakazi wangu wapendwa, ninyi ni familia yangu, afya yenu ndiyo afya yangu.* Ya kwanza ilimtia kichefuchefu. Ya pili ikamtia kichefuchefu kilekile. Kwenye ya tano aliisukuma sahani kando. Ya sita hakuimaliza, alichukua kalamu.

"Unahesabu nini?" shangazi aliuliza.

"Herufi a. Ndiyo inayojirudia kuliko zote. Nitaipa kigae kimoja badala ya viwili."

"Ili huyo nguruwe apate pa kubwabwaja zaidi?"

Fundi aliinamia karatasi yake. Shangazi alikuwa na sauti ya kufika mtaa wa tatu. Alichokijua asubuhi, mchana kilikuwa kimeshafika kiwandani.

Kazi ilichukua wiki saba. Kila siku mkurugenzi alikuja kuupapasa ukuta kama mtu anayepapasa tumbo lake baada ya kushiba.

"Ndio mimi huyu?"

"Nimeanza na wewe, mzee."

"Vizuri. Mtu mwenye adabu huanza na mkubwa."

Shangazi naye alikuja kila siku, kutema mate tu. Siku ya mwisho hata hayo aliyakosa. Alimtazama fundi kuanzia miguuni hadi kichwani. "Nilikulisha mimi," alisema. "Najionea kinyaa mwenyewe."

Siku ya uzinduzi alisimama nje ya lango, kanga ameibana puani. Mgeni wa heshima, mnunuzi mkubwa wa ngozi, aliinua simu kwenye kona ya juu ya ukuta. Salamu zikaanza kumiminika kwenye kioo, ya mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa thelathini, herufi kwa herufi, bila hata moja kupotea. Mkurugenzi alijipigia makofi.

"Lakini zote ni moja," mgeni alisema. "Mwaka tu ndio unabadilika."

Aliitazama simu yake, akautazama ukuta. Salamu zote thelathini zilikuwa zimeisha kabla ya mstari wa tano wa vigae: maneno yalibandikwa mara moja tu, kisha amri fupi kwa simu, rudia mara thelathini, badilisha mwaka. Ukuta ulikuwa na mistari mia moja.

Akaishusha simu taratibu, akasoma kwa sauti: "'Hatukuacha kazi. Wa kwanza kushushwa shimoni, bila barakoa…'" Likafuata jina.

Nje ya lango, kanga ilimdondoka shangazi.

"Zima hiyo!" Mkurugenzi alimrukia fundi, mate yakimruka. "Mshenzi we! Omba radhi! Hapahapa, mbele ya wageni wangu, omba radhi!"

Fundi alijifuta mate shavuni, akaifungua karatasi yenye dole la mafuta.

"Siombi," alisema. "Nafasi ilibaki."