Sura ya Shujaa wa Daraja

"Pua hiyo si yake," mjane alisema, akarudi garini kabla Afisa Utamaduni hajamaliza kufungua mwavuli.

Kwenye ukuta wa posta palikuwa na mwanamume aliyechorwa kwa rangi ya mafuta, macho yamemtoka kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Chini yake yaliandikwa maneno mekundu: SHUJAA WA DARAJA. Mchoraji alikuwa amesimama pembeni na shati lililopigwa pasi, akingoja sifa. Hakupata hata kwaheri.

Kila mji ulikuwa na kioja chake. Miaka kumi iliyopita, usiku wa mafuriko, mlinzi wa daraja alisimama katikati ya barabara na taa mkononi, akalizuia basi lililojaa watu. Daraja likaondoka na maji, na yeye hakuonekana tena. Mkewe alizika koti. Tangu hapo nchi nzima ilishikwa na homa ya kumchora na kumchonga. Alikuwa ameacha picha moja tu, ya kitambulisho, ndogo kama stempu, na mafundi wote waliinakili hiyo hiyo, kila mmoja akaiharibu kwa namna yake.

Hatimaye serikali ilichoka kuchekwa na wageni. Ikaamua sura iwe moja kila mahali, na wa kuichagua awe mjane mwenyewe. Atakayoikubali itasambazwa miji yote, nyingine zote zitavunjwa. Mjane alikubali safari kwa sababu moja, na hakumficha afisa.

"Nimeanza kuusahau uso wake, mwanangu," alimwambia. "Nikifumba macho naona hizi takataka zenu. Nataka nimwone yeye, basi."

Mji uliofuata ulikuwa na sanamu ya saruji, kifua cha mbeba magunia, na mtoto mmoja kila kwapa. Mjane aliizunguka akiwa ameshika kiuno.

"Mume wangu akinyanyua ndoo moja ya maji, alikuwa analala mchana kutwa," alisema. "Na watoto hawa mmewatoa wapi? Sisi hatukujaliwa."

"Ni mambo ya kisanii, mama," afisa alisema.

"Kisanii." Alilitamka neno hilo kama anatema kokwa.

Mji wa tatu ulikuwa na sanamu ya shaba. Aliyeigharimia ni mkuu wa mkoa, na fundi alijua kushukuru, maana shujaa alifanana na mkuu wa mkoa mpaka kidevu cha pili. Mwenyewe alikuwepo, suti imembana, tabasamu sikio hadi sikio.

"Huyu si wa kuzuia basi," mjane alisema. "Huyu ni wa kulikodi peke yake."

Dereva aligeuka upande, akajifanya anakohoa. Afisa alitamani ardhi ipasuke. Mjane akizikataa zote, yeye ndiye atakayeulizwa ofisini, na ulibaki mji mmoja tu, huko mpakani.

"Huko usitegemee makubwa, mama," alisema njiani. "Hawakutuomba hata nakala ya picha."

"Basi angalau hawakuiharibu," mjane alijibu, akageukia dirisha.

Sanamu ilisimamishwa stendi, kati ya kibanda cha tiketi na choo cha kulipia. Afisa aliiona kwanza, akaangua kicheko.

"Wamemchonga mzee! Kipara, kitambi. Shujaa gani huyu?"

Mjane hakucheka. Alisogea karibu. Bega moja lilikuwa limeshuka kuliko jingine. Nyuma ya sikio palikuwa na kovu dogo ambalo hakuna picha ya kitambulisho ingeweza kulionyesha. Na mguu mmoja ulikuwa unakuna shavu la mguu wa pili, vile vile alivyosimama mumewe kila alipokuwa akimdanganya. Machozi yalimtoka. Katika ujinga wote aliotembezwa, hatimaye palikuwa na mtu. Furaha ilimjaa, akaushika ule mkono wa saruji.

"Aliyechonga hii yuko wapi?" aliuliza.

Fundi aliitwa, akaja anajifuta vumbi la saruji mikononi, wasiwasi umemjaa.

"Ulimfahamu mume wangu?"

"Hapana, mama. Nisamehe sana, najua kipara kimewaudhi," fundi alisema. "Ile picha niliiona gazetini zamani, basi. Ikabidi nitafute mtu wa kumtazama wakati nachonga. Kuna bwana mmoja anauza vipuri vya baiskeli hapo nyuma ya soko. Watu humtania kwamba kafanana na shujaa. Mwenyewe alikataa katakata, ila mkewe akamshikilia mpaka akakubali, alitaka wanawe wamwone baba yao stendi. Siku zote nilizomchonga alisimama hivyo hivyo, anajikuna mguu kwa mguu. Nikamwacha."

Mjane aliuachia mkono wa sanamu. Alijifuta machozi kwa kiganja, taratibu, shavu moja kisha jingine.

Afisa aliona uso ule, akajua na hii imeshindikana. "Basi tuivunje, mama?"

"Nani kasema ivunjwe? Hii ndiyo," mjane alisema. "Kipara hiki hiki, kitambi hiki hiki. Wekeni kila mji, kila stendi, kila kivuko, na jina lake kamili kwa herufi kubwa. Lakini ya kwanza isimamisheni hapo nyuma ya soko, mbele ya mlango wa muuza vipuri."