Kupimwa kwa Binti ya Naliaka

Mwalimu alisema mtoto ni mzito wa kichwa, heri akae nyumbani. Naliaka hakukubali. Alimpeleka bintiye kwa mama mmoja Mhindi pale Nakuru, aliyepima watoto wanaoshindwa na masomo.

Mtoto alipewa vipande vya mbao, akavipanga upesi bila kukosea. Kisha mpimaji akaufunika mdomo wake kwa kitabu, akasema, "Niletee kile chekundu."

Mtoto alimtazama tu, akitabasamu.

"Mama, huyu ana akili sana," mpimaji alisema. "Ila hasikii vizuri. Anasoma midomo ya watu."

Naliaka alimshika mpimaji mikono yote miwili, akamshukuru. Akachutama mbele ya bintiye, uso kwa uso.

"Twende shule," alisema polepole. "Utakaa mbele."