Nyota Tano za Jiji

"Kuna bibi kafungiwa ndani, anagonga mlango," mpigaji alisema. "Aliyemfungia kaondoka na funguo."

Mpokea simu wa jiji alikaza vipokea sauti masikioni. "Mtaa gani, kaka?"

Mpigaji akautaja mtaa, akaitaja na nyumba: ile yenye geti la bluu, chumba cha mwisho. Yeye kahamia juzi tu, hata majirani hajawajua. Mpokea simu hakuuliza zaidi. Alibonyeza "Kelele za majirani", skrini ikawa ya kijani, lalamiko likafungwa.

Huo ndio ulikuwa ufanisi mpya wa jiji. Kila lalamiko lilipewa dakika tatu. Likizidi, taa nyekundu inawaka ukutani watu wote wakiona, na mwenye taa hiyo hana kazi. Mlango wa ukumbi ulifunguka kwa kadi ya msimamizi peke yake. Hata kwenda msalani ni kwa kubembeleza. Na leo, kama mkosi, wageni wa meya walikuja kuona jinsi wananchi wanavyosikilizwa. Mpokea simu alikuwa bado kwenye majaribio. Mkono mtupu haulambwi, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Simu ikalia.

"Dada, ni mimi tena. Nimeletewa ujumbe eti niipe huduma ya jiji nyota tano. Nyota za nini? Bibi bado yumo, na joto la bati hili litamuua!"

"Mwambie asogee dirishani, anywe maji."

"Nimemwambia! Yeye anamwita mtu tu. Hivi anayemfungia mzee namna hii ana roho gani?"

Mpokea simu alipapasa funguo mfukoni mwake. Nyuma yake msimamizi alikohoa. "Malizia, bibie," akanong'ona. "Wageni wanatazama."

Akabonyeza. Kijani. Wageni wakapiga makofi.

Alitamani ainuke akimbie, lakini mlango ule haukuwa wa kufunguliwa kwa machozi. Aliiogopa taa, akaiogopa na simu zaidi ya taa. Akaomba Mungu isilie.

Ikalia.

"Sasa kanyamaza," mpigaji alisema, safari hii bila hasira. "Naita, haitiki. Tuvunje mlango? Tusije tukaitwa wezi. Nipe ruhusa ya jiji, dada yangu."

Kwenye skrini kulikuwa na vitufe vya taka, maji, mashimo na kelele. Cha ruhusa hakikuwapo. Taa nyekundu ikawaka ukutani, wageni wakageuka, msimamizi akaja mbio.

"Lifunge! Lifunge hilo lalamiko!"

Mpokea simu alisimama, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni.

"Vunjeni," alisema. "Pigeni teke chini ya kitasa, ubao wa pale umeoza. Na akizinduka, mwambieni mama yangu nakuja."