Sufuria ya Kassim

Kassim akagonga sufuria kwa mwiko. Ngwa! Ngwa! Ngwa! Ndege wakaruka wote kwenye matete. Huku ukingoni, wageni waliokuwa wakisukuma baiskeli zao kwenye matope wakainua vichwa, wakaiona boti.

"We Kassim!" Kitsao, kiongozi wa baiskeli, akapaza sauti. "Wenye boti wote mto huu wanaita kwa mdomo. Wewe sauti umemwachia mkeo nyumbani?"

"Pakieni baiskeli," akasema Kassim. Basi.

Safari zao zilikuwa hivyo. Asubuhi wageni wanatoka Garsen kwa baiskeli, wanafuata mto, Kitsao mbele. Kassim anateremka na mizigo. Jua likikolea wanapanda boti, wanaangalia viboko mpaka Ozi. Ilikuwa Agosti, elfu moja mia tisa tisini na tisa, na Tana imetulia tuli, huwezi kuamini ndiyo ileile iliyomeza mashamba na nyumba wakati wa El Nino.

Siku hiyo wageni walikuwa Waholanzi wawili, mume na mke, wamejipaka krimu mpaka masikioni. Pamoja nao alikuja Asenath, msichana wa chuo cha utalii Mombasa, wa kutafsiri. Alikubali kufanya bure, mradi boti iwe ya Kassim. Kitsao alidhani ni uchumba.

"Mwenzio ana mke, shauri yako," alimtania.

Asenath hakucheka. Tangu apande alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

Walitia nanga Ngao kwa chakula. Mpishi, Mwanasha, hakuwepo, ila kanga yake ilionekana kule juu kwenye migomba.

"Mwanashaaa!" Kitsao akaita.

Kimya.

"Mwanashaaa!"

Kimya. Na kanga wanaiona!

"Mwanashaaa!"

"Eeee! Nakuja!"

Yule mama Mholanzi akauliza mbona ilikuwa hivyo. Mwanasha akajibu huku akishuka na chungu cha samaki, Asenath akitafsiri.

"Mwambie sauti ya mtoni hujibiwa ya tatu. Mbili za kwanza huenda anayeita si mtu."

"Sasa mimi ni mtu au si mtu?" Kitsao akauliza.

"Wewe bado tunakuchunguza."

Wakacheka wote, hata Waholanzi, kwa kuchelewa kidogo. Kassim akachukua sufuria yake akaenda kuisugua kwenye boti, na wala haikuwa chafu.

Asenath akamfuata.

"Mjomba Kassim. Unapajua kwa Nyanya Jumwa? Pale kona ya chini, penye mkuyu?"

Mkono wa Kassim ukasimama.

"Alikuwa nyanya yangu," akasema Asenath.

Sufuria ikaponyoka majini. Kassim akaidaka kabla haijaenda na mto.

Miaka miwili alikuwa akiingoja siku hii. Jioni ile ya mafuriko boti ilikuwa imejaa, watoto wanalia, mashine inakohoa. Watu wakamwambia amebaki bibi mmoja penye mkuyu. Akaenda. Giza lilikuwa linaingia, kwa mvua haoni mbele. Akaita mara moja. Akaita mara ya pili. Gogo likagonga boti, wanawake wakapiga mayowe, naye akageuza. Ile ya tatu ilikuwa hapa, kooni. Mpaka leo iko hapa.

Maji yalipopungua bibi akaokotwa maiti. Watu wakasema, yule mzee alishika sana mambo ya kale, bila shaka alikuwa juu ya paa akingojea ya tatu. Walimpa Kassim pole. Walimwita shujaa. Hakumwambia mtu kwamba aliita mbili tu, na tangu siku hiyo hakuita tena mtu mtoni.

"Nipeleke pale," Asenath akasema. "Na usigonge sufuria. Uite."

"Pale maji kidogo, mwanangu. Tutakwama."

"Mjomba, tafadhali."

Walipoondoka Kassim aliendesha polepole mno, mpaka Kitsao akauliza kama mafuta yameisha. Waholanzi walikuwa wakipiga picha mamba. Kassim alijua binti amekuja kumsuta, na alijua ana haki.

Kona ikafika. Mkuyu, na chini yake nguzo tatu zimeinama, hakuna nyumba. Kassim akazima mashine.

"Mwanangu," akasema. "Niliita mbili tu. Halafu nikageuza. Ya tatu sikuita. Yeye alikuwa akiingoja, na mimi nikageuza."

"Najua zilikuwa mbili."

"Nani kakwambia?"

"Ita, mjomba."

Kassim akasimama. Akavua kofia.

"Jumwaaa!"

Maji yanapita tu.

"Jumwaaa!"

Akamtazama Asenath. Akavuta pumzi ambayo hakuivuta miaka miwili.

"Jumwaaa!"

"Naam!" Asenath akajibu, machozi yakimtoka, amesimama kwenye omo, mbele ya boti. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuinua, anautazama kama si wake.

"Tulikuwa wawili juu ya paa, mimi nikaponea mkuyuni. Nyanya alitaka kukuitikia ile ya kwanza, mjomba," akasema. "Mimi ndiye niliyemziba mdomo, tungoje ya tatu."